Biskuti za Siagi ya Njugu na Chokoleti: Kazi Huanza Penye Uteo



Juma lililopita tulihitimisha mazungumzo yetu juu ya vileja, tukaahidi kwamba safari hii tutazungumzia biskuti ambazo watoto wa siku hizi huzipenda kuliko hata vileja vya bibi zao, nazo ni biskuti za siagi ya njugu na chokoleti. Ahadi ni deni, nasi tumekuja kulilipa. Lakini kabla hatujataja kikombe cha unga, tunawaomba mtuvumilie kidogo, kwani tuna jambo la kukiri, na tuna safari ya kuwasimulia.

Mwaka jana tuliombwa kuandaa vitafunio vya khitma ya madrasa. Tulioka sinia nne za biskuti hizi. Njugu tulizinunua jioni, zikiwa zimekwisha kumenywa, kwa bei ambayo kila aliyeisikia alitupongeza. Tulizikaanga usiku huo huo chini ya taa hafifu, tukazisaga. Tulipoionja siagi tulihisi uchungu kwa mbali. Tukajiambia kuwa sukari na chokoleti vitaufunika. Na kweli vilifunika, kwani wakubwa wote waliokula walisifu. Ila mtoto mmoja, ambaye hata miaka saba hajatimiza, alitafuna mara mbili, akatema kiganjani, akatutazama na kusema neno moja tu: "Chungu."

Tuliona haya, kwa sababu tulikuwa tunajua. Tukaziondoa sinia zote mezani, tukaleta tende na maji. Mwenzetu mmoja alituuliza, kwa adabu, kama kuvitupa vyakula vyote vile si israfu. Siku hiyo hatukuwa na jawabu. Jawabu tulilikuta mbali na Pwani, kwenye kaunti mbili zilizo magharibi mwa nchi yetu, ambako njugu hulimwa: Migori na Homa Bay.

Likizo ya Agosti tulikwenda kumzuru binti ya mama yetu mdogo, aliyeolewa Homa Bay. Anayetoka Mombasa hupita Nairobi, Narok na Kisii, kisha barabara humteremsha hadi Rongo, ambao ndio mlango wa Kaunti ya Migori. Akiendelea mbele atapita Awendo penye mashamba ya miwa, afike mji wa Migori, na hatimaye Isebania, mpakani na Tanzania. Akikata kulia pale Rongo atafika Homa Bay, ukingoni mwa Ziwa Victoria, ambalo wenyeji huliita Nam Lolwe. Uislamu si mgeni upande huo. Kendu Bay, mji wa bandari katika kaunti hiyo hiyo ya Homa Bay, una msikiti na familia za Kiislamu za vizazi kadhaa, na ndiko alikozaliwa mavyaa wa ndugu yetu, mwenyeji wetu katika safari hii. Wajukuu wake humwita Dani, jina la bibi kwa Kijaluo, nasi pia tukamwita hivyo.

Tulifika wakati wa mavuno. Njugu hupandwa mvua za masika zinapoanza mwezi wa Machi, na hukaa ardhini kati ya miezi mitatu na minne. Tulikuta zimeanikwa juu ya maturubai, na hatua chache kutoka hapo zimeanikwa omena waliotoka ziwani. Katika njugu zilizokuwapo walituonyesha mbegu nyekundu ndogo, na ile ya kienyeji inayoitwa kwa jina la Homa Bay yenyewe. Sisi watu wa Pwani tuliona fahari kidogo kuwaeleza kwamba wazee wetu huziita njugu nyasa, ili kuzitenga na njugu mawe ambazo ni za asili ya Afrika. Hizi tunazoziokea biskuti zilitoka Amerika ya Kusini, zikaletwa na mabaharia wa Kireno, kama vile kakao nayo ilivyotoka bara la Amerika kabla ya kuoteshwa kwa majirani zetu wa Kyela nchini Tanzania na Bundibugyo nchini Uganda. Kwa hiyo biskuti hii, ijapokuwa ni ngeni kwa jina, vitu vyake viwili vikuu vimekwisha kuwa wenyeji wetu.

Asubuhi ya pili Dani alitukalisha kivulini, akatupa kila mmoja uteo, akamimina njugu zilizomenywa. Akasema: "Wanangu, mkono usiharakishe. Kazi hii ni ya jicho." Tukachambua mafungu matatu. Fungu la kwanza ni njugu nzima, zilizojaa, zenye ngozi ya rangi moja. La pili ni zilizovunjika lakini safi ndani, hizo ni za kupikia mara moja, hazihifadhiwi. La tatu ni zilizosinyaa, zilizoanza kuota, zilizotobolewa na wadudu, zenye ngozi iliyobadilika rangi, na zile zenye ukungu wa kijani au wa manjano. Fungu la tatu lilikuwa dogo, kiasi cha kiganja kimoja katika uteo mzima. Tulidhani atawarushia kuku. Akalitia shimoni, akalifukia kwa majivu na udongo. Tulipomuuliza kwa nini, alisema, "Kuku angezila, na mayai yake tungeyala sisi."

Ndipo tulipomsimulia kisa cha khitma, na swali la israfu. Akacheka kwanza, kisha akanyamaza kidogo. "Israfu ni kutupa chakula," akasema. "Hizo zilikwisha kuacha kuwa chakula kabla hamjazinunua."

Wasomaji wetu, jambo ambalo Dani analijua kwa jicho lake, wataalamu wamelithibitisha maabarani. Kuvu fulani huota juu ya njugu na mahindi yaliyovunwa vibaya au kuhifadhiwa penye unyevu, na huzalisha sumu ambayo wenzetu wa Tanzania wameipa jina zuri la Kiswahili, sumukuvu. Ilijulikana mara ya kwanza mwaka 1960 huko Uingereza, ambako bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa baada ya kulishwa mashudu ya njugu yaliyotoka Brazil. Hapa kwetu Kenya tuliionja kwa msiba mwaka 2004, pale mahindi yenye sumu hiyo yalipowaugua watu 317 katika sehemu za mashariki, zikiwemo Makueni na Kitui, na 125 kati yao wakafariki. Na mwezi wa Januari 2019 Shirika la Viwango nchini, KEBS, lilisimamisha uuzaji wa aina kadhaa za siagi ya njugu zilizokuwa madukani kwa sababu ya sumu hii hii. Mwenye kula kiasi kikubwa kwa mara moja huharibika ini. Mwenye kula kidogo kidogo kwa miaka hujiweka katika hatari ya saratani ya ini, na hatari hiyo huzidi kwa aliye na homa ya ini aina ya B.

Hatusemi haya ili tuwatie hofu, wala kuwaharibia jina wakulima wa ziwani. Utafiti uliofanywa Busia na Homa Bay na kuchapishwa mwaka 2009 ulipima sampuli 769 za njugu. Karibu 87 katika kila 100 zilikuwa na sumukuvu kidogo sana au hazikuwa nayo kabisa, na zilizovuka mpaka wa kuitwa hazifai zilikuwa chini ya 8 katika kila 100. Maana yake ni kwamba njugu nyingi ni nzuri, ila chache mbovu zinapochanganywa na kusagwa pamoja na nzuri, hakuna tena wa kuzitenga. Samaki mmoja akioza, huoza wote.

Kuna mambo mawili ambayo kila mpishi yampasa ayashike. La kwanza, sumukuvu haina ladha wala harufu. Uchungu ule alioutema mtoto ulikuwa dalili kwamba njugu zimeharibika, lakini kukosekana kwa uchungu si hati ya usalama. La pili, ambalo wengi wetu hatulijui, moto hauiondoi. Kukaanga hupunguza sehemu yake tu, na joto la kuokea biskuti halitoshi kuimaliza. Tandoo zetu, jiko la mkaa, hata tanuri ya umeme ya fahari, vyote haviwezi kusafisha kilichoachwa na jicho. Ndiyo maana tunasema kazi ya biskuti hii huanza penye uteo.

Tulimuuliza Dani pia unyevu hutoka wapi, ilhali jua la ziwani ni kali namna ile. Alituambia kwamba kumenya njugu kwa mkono huchubua vidole, na kazi hiyo ni ya wanawake na watoto, mara nyingi usiku. Wapo wanaoyalowesha maganda kwa maji ili yapasuke upesi. "Anayetaka gunia zima limenywe kufikia asubuhi, na kwa bei ya jana," akasema, "huyo ndiye anayetia maji." Tulikumbuka ile bei tuliyopongezwa kwayo, tukainamisha vichwa. Kumbe mnunuzi anayebana bei hadi mwisho huwa ana sehemu yake katika uharibifu ule.

Basi tukinunua tufanye hivi. Tununue njugu zikiwa na maganda yake kila tuwezapo, kwani ganda ni kinga. Tuzitikise sikioni: iliyokauka vizuri hucheza ndani ya ganda, yenye unyevu hukaa kimya. Tumenye wenyewe, zikiwa kavu. Tukinunua zilizomenywa, tununue mchana kweupe, tuzimwage kwenye sinia jeupe mbele ya muuzaji, na tukiona zimechambuliwa vyema tumlipe bei ya kazi yake bila ya ubishi. Hewa yetu ya Pwani ina unyevu mwingi kuliko ya bara, hivyo tusizirundike kwa miezi ndani ya mfuko wa plastiki. Tununue za kutosha majuma mawili au matatu, tuziweke katika chombo kikavu chenye kifuniko, mahali pa baridi. Na kile kiganja cha fungu la tatu tukifukie. Tusimpe kuku, tusimpe ng'ombe wa maziwa, na hasha, tusimpe masikini mlangoni. Tumekatazwa kukusudia kibovu tukakitoa sadaka, hali sisi wenyewe tusingekipokea.

Hapa ndipo linapoingia neno ambalo sisi Waislamu tunalijua na huenda tunalisoma nusu. Katika Surat al-Baqara, aya ya 168, ruhusa ya kula vya ardhini imefungwa kwa sifa mbili kwa pamoja: kiwe halali na kiwe tayyib, yaani kizuri na safi. Tumezoea kuuliza sifa ya kwanza, nayo haina budi kuulizwa. Chokoleti yatupasa tusome karatasi yake, kwani zipo zilizotiwa pombe ndani, na zipo zenye viungo vya mafuta visivyoelezwa kuwa vimetokana na mnyama au mmea. Tutafute yenye alama ya halali, kama ile ya Kenya Bureau of Halal Certification. Arki ya vanila nayo mara nyingi huwa imeyeyushwa kwa pombe. Sisi tumeiacha, tukarudi kwa hiliki yetu, na hatukujuta. Lakini sinia zetu za khitma zilikuwa halali tangu mwanzo hadi mwisho, ila hazikuwa tayyib.

Sasa na tuingie jikoni, bismillahi.

Siagi ya njugu

Chukua nusu kilo ya njugu zilizokwisha kuchambuliwa. Zikaange katika karai juu ya moto mdogo kwa dakika 15 hadi 20, huku ukizigeuza bila kuchoka, mpaka ngozi ianze kubanduka na harufu ienee. Zitandaze zipoe, uzifikiche kwa kitambaa kikavu, uzipepete ngozi. Zichambue tena mara ya pili, kwani ngozi ikitoka huonekana madoa yaliyojificha. Kisha zitwange kinuni au uzisage kwa mashine. Mwanzo zitakuwa unga mkavu, nawe utadhani umekosea. Endelea, mafuta yatatoka yenyewe na siagi italainika. Tia chumvi kidogo. Usitie maji hata tone. Kiasi hiki chatosha mapishi matatu. Kinachobaki kiweke katika chupa kavu ndani ya friji, na ukitumie ndani ya mwezi mmoja.

Vipimo vya biskuti 24

Siagi ya njugu, gramu 125 (nusu kikombe)
Siagi ya maziwa iliyolainika, gramu 115 (nusu kikombe)
Sukari, gramu 180. Ukiweza, nusu yake iwe ya rangi ya kahawia
Yai 1
Unga wa ngano, gramu 160 (kikombe 1 na robo)
Poda ya kuokea, kijiko 1 cha chai
Hiliki ya unga, nusu kijiko cha chai
Chumvi, kiasi cha kubana kwa vidole viwili
Chokoleti nyeusi iliyokatwakatwa, gramu 100

Namna ya kupika

Piga siagi ya maziwa na sukari kwa mwiko mpaka vibadilike rangi na kuwa vyepesi. Tia yai, upige, kisha siagi ya njugu, upige tena. Chekecha unga pamoja na poda, chumvi na hiliki, umimine humo, na uchanganye kwa wepesi mpaka unga usionekane. Usikande kama chapati, biskuti zitakuwa ngumu. Mwisho tia vipande vya chokoleti. Acha donge lipumzike katika friji kwa nusu saa, kwani joto la kwetu hulegeza siagi na biskuti hutambaa sinia nzima.

Fanya viduara kiasi cha ndimu ndogo, uvipange kwa kuachana vidole vitatu, na uvibonyeze kwa uma juu. Mwenye tanuri aitie joto la digrii 180 na aoke kwa dakika 10 hadi 12. Mwenye jiko la mkaa atie mchanga mkavu katika sufuria kubwa, kina cha vidole viwili, aupashe joto kwa dakika 10, aweke sinia dogo juu ya vijiwe vitatu ndani yake, afunike, na apalie makaa machache juu ya kifuniko. Atazame baada ya dakika 12, na asizidishe 18. Alama ni moja kwa wote: kingo ziwe na rangi ya dhahabu, katikati pawe bado laini. Wengi huziunguza kwa kungoja zikauke motoni. Zitoe, ziache juu ya sinia dakika tano, zitajishika zenyewe. Zikipoa kabisa zitie katika kopo lenye kifuniko. Hukaa juma moja, kama zikiachwa.

Neno kwa wenye watoto, na kwa akina mama wanaooka kwa ajili ya kuuza. Mtoto aliye chini ya miaka mitano asipewe njugu nzima, kwani yaweza kumkaba. Siagi yake iliyosagwa laini apewe ikiwa imepakwa nyembamba, kwani bonge lake nalo laweza kumkaba. Wapo pia watu ambao njugu kwao ni dhara la haraka: midomo huvimba, mwili hutoka mabaka, pumzi hubana. Anayeonyesha dalili hizo apelekwe hospitali papo hapo, bila kungoja dawa ya nyumbani. Kwa hiyo tumuulize mzazi kabla ya kumpa mtoto wake, na kila paketi tunayouza iandikwe waziwazi kwamba ndani yake mna njugu.

Tuliporejea Mombasa tulibeba gunia dogo la njugu zenye maganda kutoka kwa Dani. Tulizimenya barazani baada ya Alasiri, wakubwa kwa wadogo, kila mtu na sinia yake, na kazi ambayo tulidhani itachosha ikawa mazungumzo. Kisha tulioka sinia nne nyingine, tukazipeleka madrasa ile ile. Yule mtoto alikuwapo. Alichukua moja, akainusa, akatutazama kwa shaka ambayo tulistahili. Akaila. Hakusema neno, ila alirudi akanyoosha mkono mara ya pili, nasi tuliona kuwa tumesamehewa.

Juma lijalo, inshaAllah, tutazungumzia kashata za njugu hizi hizi, kwa wale ambao hawana tanuri wala subira ya makaa. Mwenyezi Mungu ajaalie vinavyoingia vinywani mwa watoto wetu viwe halali na viwe vizuri, na awabariki wanaovilima na wanaovichambua. Amin.

Wabillahi tawfiq.